Tuulize: Wasanii wakubwa mikononi mwa watoto wadogo

Barua za safari hii zimetoka kwa walezi wanaokaa na watoto wa miaka 4 hadi 8 masomo yakishaisha. Nyingine tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Alizeti 22, zote pacha

*Tulifanya Alizeti, picha za maua za mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh. Niliwapa watoto 22 sahani za karatasi, petali nilizokwisha kuzikata na gundi. Zikatoka alizeti 22 za namna moja. Wazazi walipokuja kuwachukua, hakuna aliyeijua ya mwanawe mpaka asome jina nyuma. Tatizo liko wapi?* – Mwalimu wa kundi la miaka 5–6

Tatizo liko kwenye petali, mwalimu. Ukishakata wewe na kuchagua rangi wewe, mtoto anabakiwa na kupaka gundi tu, na gundi ya mtoto huyu haitofautiani na ya mwenzake. Unapochagua msanii, picha yake iweke pembeni kwanza, uangalie alivyofanya kazi: alianza na nini, alishika nini mkononi, alijikataza nini. Chukua jambo moja au mawili kati ya hayo uwape watoto. Picha yenyewe waione kwa dakika tatu, waseme wanachokiona, kisha uitoe. Ikibaki ukutani wataanza kuinakili, na mtoto wa miaka mitano anayenakili kazi ya mtu mzima hachelewi kusema "yangu mbaya".

Kwa kundi lako tungeanza na Henri Matisse, Mfaransa. Baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941 alikuwa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai kukawa shida, akageukia mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, zikakauka, naye akazikata moja kwa moja bila kuchora kwanza. Vipande vilibandikwa ukutani kwa pini, vikasogezwa na kusogezwa tena, na gundi ikaja mwisho kabisa. Kwako basi kanuni ni mbili: penseli haigusi karatasi, na gundi haifunguliwi mpaka kila kitu kimekaa mahali pake.

Kazi inachukua siku mbili. Siku ya kwanza ni ya kupaka tu. Kila mtoto apate karatasi mbili za A3 zenye uzito wa gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Ile ya kuchapishia ya gramu 80 hulegea ikilowa na mkasi huitafuna badala ya kuikata. Kila karatasi rangi moja, ipakwe kwa sponji mpaka pembeni. Vijiko viwili vya mezani vya rangi nzito ya maji, yaani kama ml 30, vinatosha karatasi moja. Usiongeze maji. Karatasi zikikauka zitajikunja kuelekea upande wenye rangi, kwa sababu rangi husinyaa inapokauka na kuvuta karatasi pamoja nayo. Zipange chini ya vitabu vizito usiku kucha, zitanyooka.

Siku ya pili, kata kila A3 vipande vinne, uvimwage vyote katikati ya meza. Kila mtoto achague vinne vya rangi tofauti, pamoja na karatasi nyeupe ya msingi. Dakika 15 za kukata, 10 za kupanga, 10 za kubandika. Hapo kwenye kupanga ndipo pa kukaa nao. Mtoto ataweka umbo la kijani juu kulia, aliangalie, alishushe, aligeuze kichwa chini, kisha aweke la njano juu yake lilifunike nusu. Huko kusogeza ndiko kufanya sanaa, na gundi ikiwa wazi mezani hakutokei, maana kipande kitanata pale kilipodondoka.

Vibaki msivitupe. Ukikata jani, karatasi iliyobaki nayo ina umbo la jani, na Matisse alitumia vyote viwili. Waambie watoto hivyo kabla hawajaanza, la sivyo nusu ya kazi itaishia kwenye ndoo ya taka.

Gundi ipakwe kwenye kipande, si kwenye msingi, kwa brashi iliyochovywa kwenye kifuniko chenye gundi kidogo. Chupa ya kubinya mikononi mwa mtoto wa miaka mitano ni bwawa, na karatasi iliyolowa gundi hukauka ikiwa na mikunjo.

Mkasi unaokunja badala ya kukata

*Nina mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Anajitahidi, lakini karatasi inajikunja tu kati ya makali.*

Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Vidole vya mkono huo, vinapobana, husukuma makali yagusane. Vya mkono wa kushoto huyasukuma yaachane, karatasi ikaingia katikati na kujikunja. Zaidi ya hapo, kali la juu linamzibia mtoto mstari anaoufuata. Mtafutie mkasi wa mkono wa kushoto wenye makali yaliyopinduliwa. Usidanganyike na ule unaosemwa ni wa mikono yote miwili: mara nyingi ni vishikio tu vilivyolinganishwa, makali ni yaleyale. Mpaka upatikane, achane karatasi kwa vidole. Kingo za kuchana ni nzuri kwa kazi hii, na wenzake wataomba wachane pia.

Kwa watoto wote: dole gumba likae juu, kiwiko kibanwe ubavuni, na mkono wa pili uzungushe karatasi. Mkasi ukizunguka badala ya karatasi, kiwiko huinuka na mstari hupotea.

Tepu iliyoondoka na karatasi

*Tulibandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ili tupate mistari ya picha za Piet Mondrian, mchoraji Mholanzi. Kuibandua, karatasi ikachanika, na penginepo rangi imepenya chini.* – Mlezi, miaka 6–8

Ni matatizo mawili yenye sababu mbili. Karatasi inachanika kwa kuwa tepu ina nguvu kuliko karatasi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyong'ang'ania. Ibandike na kuibandua kwenye kitambaa mara mbili kabla ya kuitumia, ipungue ukali, tumia manila, na ibanduliwe siku ileile, rangi ikishapoteza mng'ao lakini haijakauka kabisa. Ivute polepole ikiwa imejirudia juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Rangi kupenya kunatokana na rangi nyepesi na ukingo ambao haukukandamizwa. Piteni mgongo wa kijiko juu ya tepu yote, pakeni rangi nyeupe kidogo kando yake izibe nafasi, ikauke, ndipo ije rangi yenyewe. Brashi itoke kwenye tepu kwenda ndani, isiende kinyume.

Ila tuseme ukweli: kwa Mondrian njia hii haifai. Ukibandua tepu unapata mistari myeupe, na yake ni myeusi. Kata vipande vya karatasi nyeusi, vingine upana wa sm 1 na vingine sm 2, kwa sababu mistari yake haikuwa na unene mmoja. Watoto wavilaze juu ya karatasi nyeupe ya sm 30 kwa 30 na kuvisogeza mpaka waridhike. Mondrian mwenyewe, alipohamia New York, alifanya hivyo kwa tepu za rangi ili ajaribu mistari kabla ya kupaka. Moja ya kazi hizo za tepu, ya mwaka 1941, iko kwenye jumba la makumbusho huko Düsseldorf, Ujerumani, na mwaka 2022 msimamizi wa maonyesho pale alitangaza kwamba huenda ilikuwa imetundikwa kichwa chini kwa miongo mingi. Wakaiacha hivyohivyo, kwani tepu zimezeeka na kuigeuza kungeziharibu. Watoto hukipenda sana kisa hiki. Wakimaliza kazi zao, waambie waziangalie kwa pande zote nne kabla ya kuamua juu ni wapi.

Mistari ikishabandikwa, weka sheria ya rangi: nyekundu, bluu na njano tu, na maboksi matatu tu yapakwe. Bila sheria hiyo watajaza kila boksi, na picha itazidiwa. Weupe ulioachwa ndio unaofanya wekundu uonekane mwekundu.

Tingatinga bila rangi ya mafuta

*Tunataka kufanya Tingatinga na watoto wa miaka 6 na 7. Fundi ametuambia picha zile hupakwa rangi ya mafuta. Je, tununue?*

Msinunue. Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyefariki mwaka 1972, alipaka kwenye vibao vya mraba vya mbao iliyosagwa na kukandamizwa, kwa rangi ya kung'aa ya aina ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo husafishwa kwa kiyeyushi chenye mvuke mkali, haitoki kwenye nguo wala nywele, na chumba chenye watoto si mahali pake.

Mng'ao mtaupata kwa kuchanganya sehemu mbili za rangi nzito ya maji na sehemu moja ya gundi nyeupe. Gundi ikikauka hung'aa, na rangi haibanduki kwenye boksi. Kumbuka tu kwamba mchanganyiko huu hautoki kwa urahisi kwenye nguo ukishakauka, kwa hiyo aproni ni lazima, na brashi ziingie majini papo hapo.

Msingi uwe boksi gumu lililokatwa mraba wa sm 30. Boksi lisilopakwa kitu hunywa rangi na kuifubaza, kwa hiyo wewe au watoto mlitangulizie mkono mmoja wa rangi nyeupe yenye gundi siku iliyopita. Kisha mandhari ya nyuma: rangi moja, kwa sponji, iende mpaka kwenye kingo. Acha ikauke kwa nusu saa, au hadi ukiigusa kwa mgongo wa kidole haiachi alama.

Sasa mnyama, mmoja tu, na awe mkubwa kiasi cha kugusa pande tatu za mraba. Hili lisisitize, maana mtoto akiachiwa atachora twiga wa sm 6 chini kwenye kona na kubakiwa na uwanja mtupu. Njia rahisi ni kuweka alama ya kidole cha rangi kwenye pande tatu kabla hajaanza, umwambie mnyama wake lazima azifikie zote. Atampinda shingo, atamrefusha mkia, atamkunja miguu, na hapo hapo mnyama anapata uhai. Ajazwe rangi moja nzito, akauke tena.

Madoadoa, mistari na macho ni ya siku ya pili. Kwa nukta mtumie ncha ya mpini wa brashi, si nywele zake: chovya, gusa, inua, chovya tena. Mtoto akijaribu kupiga nukta kumi kwa mchovyo mmoja, ya kwanza itakuwa ziwa na ya kumi haitaonekana.

Wengine wanaingia, wengine wanaondoka

*Kwangu watoto hawafiki pamoja, na wazazi huwachukua wakati wowote ndani ya saa mbili. Kazi yoyote ya hatua kwa hatua inakatika.*

Basi fanyeni kazi isiyo na mwanzo wala mwisho. Yayoi Kusama, msanii wa Japani aliyezaliwa 1929, mwaka 2002 aliandaa kwa ajili ya watoto chumba cheupe pepepe, ukuta na samani zote, kwenye jumba la sanaa la Queensland huko Australia. Kila mtoto aliyeingia alipewa stika za duara za rangi abandike popote, mpaka weupe ukamezwa.

Nyinyi tengenezeni chumba kidogo cha maboksi: kubwa moja liwe nyumba, madogo yawe meza, kitanda, televisheni. Vyote vipakwe vyeupe. Kila mtoto anayefika apewe stika kumi za sm 1 hadi 3, zikatwe kama ukanda, asipewe karatasi nzima, kwani akipewa nzima ataimaliza kwa dakika mbili mahali pamoja. Kwa watoto 20 na siku tano hizo ni stika 1,000, hesabu inayofaa kuijua kabla ya kuanza. Mzazi akifika, mtoto anaondoka bila kuacha kiporo.

Kinachoharibu kazi hii ni stika kudondoka. Rangi nyeupe ya bei ya chini ikikauka huacha unga, na stika hushika unga badala ya boksi. Pitisha kidole: kikitoka cheupe, ongeza gundi kwenye rangi, sehemu moja kwa tatu, upake mkono mwingine.

Kining'inio kinachoegemea upande mmoja

*Tumejaribu vining'inio vya msanii Mmarekani Alexander Calder kwa vijiti na maumbo ya boksi. Kila kimoja kimelala upande. Watoto wamekata tamaa, na mimi pia.* – Mlezi, miaka 7–8

Karibu kila anayeanza hufunga uzi katikati ya kijiti kisha kutundika maumbo, akitegemea yatalingana. Hayalingani. Katikati panafaa tu kama uzito wa ncha zote mbili ni sawa, na maumbo ya kukata kwa mkono hayawezi kuwa sawa. Calder, aliyehitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919 kabla ya kugeukia sanaa, alicheza na jambo hilohilo: kitu kizito kikiwa karibu na mahali pa kuning'inia hulingana na chepesi kilicho mbali.

Anzeni chini, mpande juu. Kwa kila mtoto vijiti viwili vya mwanzi, kimoja sm 20 na kingine sm 30, ncha kali zikatwe kwanza; maumbo matatu ya boksi jembamba; na uzi wa pamba. Uzi wa nailoni unateleza na fundo lake linafunguka.

Chukua kijiti kifupi. Funga umbo kila ncha, nyuzi ziwe na urefu tofauti, mfano sm 8 na sm 14, ili maumbo yasigongane yakizunguka. Kisha funga uzi wa tatu kwenye kijiti kwa kitanzi kinachoweza kuteleza. Mtoto ashike uzi huo juu, aone kijiti kinaegemea wapi, asogeze kitanzi kuelekea upande uliozama, ainue tena. Upande uliozama: hilo ndilo neno la kurudia, maana watoto wengi husogeza kinyume. Kikilala sawa, tone la gundi juu ya kitanzi, na kisiguswe kwa dakika kumi.

Kijiti hicho kizima sasa ni kama umbo moja. Kifunge kwenye ncha ya kijiti kirefu, umbo la tatu ncha ya pili, rudia.

Mkitaka kuwaonyesha hesabu yake, kata maduara mawili kwa boksi lilelile, moja la kipenyo cha sm 12 na jingine sm 8.5. La kwanza lina uzito wa karibu mara mbili ya la pili. Kwenye kijiti cha sm 30 kitanzi kitakaa karibu sm 10 kutoka kwa zito na sm 20 kutoka kwa jepesi. Kitasogea kidogo kuelekea katikati, kwa kuwa kijiti nacho kina uzito wake.

Fungeni kamba kati ya viti viwili, kila mtoto awe na mahali pa kutundika wakati wa kazi. Vikilazwa mezani nyuzi hujisokota, na jioni nzima itaishia kwenye kufumua. Wa miaka minne na mitano wapewe kijiti kimoja na maumbo mawili tu.

Vizibo vya El Anatsui

*Tumekusanya vizibo vingi vya chupa vya bati. Tunaweza kuvishona kama El Anatsui?*

Vizibo vya bati vikipondwa na kutobolewa huwa na kingo zinazokata. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vizibo na mikanda ya chupa kwa waya wa shaba akiwa na kundi la wasaidizi watu wazima. Kwa watoto badilini malighafi, mbinu ibaki.

Tumieni pakiti za vinywaji zenye rangi ya fedha ndani. Zioshwe kwa maji ya sabuni, zikaushwe, zikatwe mistatili ya sm 4 kwa 6. Tobo moja kila kona, lisipungue mm 5 kutoka ukingoni, vinginevyo litachanika uzi ukivutwa. Unganisheni kwa vipande vya uzi wa sufu vya sm 15, fundo mara mbili, au kwa klipu za karatasi kama vidole bado ni vidogo.

Pigeni hesabu kabla hamjaahidi shuka la ukuta. Mita moja ya mraba inakula mistatili kama 400, na hayo ni matobo 1,600. Watu wazima watoboe, mbilimbili kwa mkupuo, wiki moja kabla. Watoto 20 wakiunganisha 20 kila mmoja, wa miaka saba watahitaji vipindi vitatu au vinne. Waunganishe kwanza kanda za mistatili kumi, kila mmoja yake. Kushona kanda kwa kanda kunataka watoto wawili, mmoja anashika na mwenzake anafunga.

Likikamilika, msilinyooshe kama pazia. Anatsui huwaachia wanaotundika kazi zake waamue zikunjwe vipi, kwa hiyo kazi moja huonekana tofauti kila mahali. Kila wiki kundi jingine la watoto lilikunje upya.

Kila kitu kinakuwa kahawia

*Tukichezea rangi za kudondosha kama mchoraji Mmarekani Jackson Pollock, mwisho wake ni tope.*

Nyekundu, njano na bluu zikikutana zikiwa mbichi zinazaa kahawia, hakuna ujanja. Wapeni mbili tu kwa siku, mfano njano na bluu, na ya tatu ije kesho juu ya zilizokauka. Pollock, aliyeanza kulaza turubai sakafuni na kudondoshea rangi mwaka 1947, ana mistari inayopita juu ya mingine bila kuyeyukia humo kwa sababu rangi yake haikuwa maji. Yenu iwe sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji: ikiinuliwa kwa kijiti idondoke kama uzi, si kama matone.

Kama hamna uwanja, wekeni karatasi ya A4 ndani ya boksi lenye kingo za sm 5, vijiko vidogo viwili vya rangi, gololi mbili, na mtoto alitikise boksi huku mkihesabu hadi thelathini. Kisha gololi zitoke. Ugumu wote uko kwenye kuacha. Kama kuna wadogo wa chini ya miaka mitatu chumbani, gololi zihesabiwe kabla na baada, maana zinaziba koo.

Kuiga au kuiba?

*Tunapenda michoro ya Kindebele, ya Wandebele wa Afrika Kusini, lakini mzazi mmoja ameuliza kama ni sawa kuwapa watoto mchoro wa utamaduni wa watu waujaze rangi.*

Kauliza vizuri. Karatasi ya kujaza rangi yenye kichwa "mchoro wa Kindebele" haimtaji mtu yeyote, na watoto wanatoka hapo wakidhani ni mapambo yasiyo na mwenyewe. Mtajeni Esther Mahlangu, Mwafrika Kusini aliyezaliwa 1935, aliyefundishwa na mama na bibi yake tangu utotoni, na ambaye mwaka 1991 alipaka gari zima la BMW. Hupaka bila rula, mara nyingi kwa unyoya wa kuku. Kuchora bila rula ndiko mnakochukua, maumbo wabuni wenyewe.

Kunja karatasi katikati, ifungue. Mtoto apige mstari mmoja upande wa kushoto kwa krayoni nyeusi ya nta, na papo hapo arudie wa kulia, kama kwenye kioo, kabla hajapiga wa pili. Akisubiri amalize upande mmoja wote ndipo ahamie wa pili, atakuwa amesahau nusu. Akandamize krayoni kwa nguvu, kwa sababu nta huzuia maji na rangi ya maji itakayofuata haitavuka mstari. Ikivuka, krayoni ilipita juujuu.

Kazi mbichi, mzazi mlangoni

*Picha hazijakauka na wazazi wanazitaka.*

Zisitoke. Karatasi yenye rangi mbichi ikikunjwa hunata, na ikifunguliwa nyumbani inachanika mtoto akiona. Fungeni kamba juu ya vichwa vyenu, vibanio viwili kwa kila karatasi, na siku ya kupeleka nyumbani iwe moja kwa wiki, wazazi waijue tangu mwanzo. Zenye gundi au rangi nzito zikaushwe zikiwa zimelala, kwani zikining'inizwa zinatiririka. Jina liandikwe nyuma kwa penseli kabla ya kupaka, kwa sababu wino wa kalamu huchujuka na kutokea upande wa mbele.